Shikamoo Langoni mwa Ngome

Mke wangu husema kwamba nikitumwa sokoni nikaleta samaki watatu, nikifika nyumbani watakuwa tisa na mmoja wao papa. Sikatai. Chumvi nilizaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na kithembe. Nikikwambia foleni ya feri ilikuwa ndefu hadi Tanga, wewe punguza mwenyewe hadi Mtongwe tuendelee na hadithi. Lakini nitakayoeleza hapa hayakuwa chumvi. Ulikuwa uongo mkavu, nilioutamka mchana kweupe, na uliyemwangukia ni msichana ambaye hakuwa amenikosea hata kwa kunikazia jicho. Tena mbele ya mamake mzazi.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na moja, na nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mchana nilifanya kazi katika ghala moja Changamwe, kuhesabu magunia ya chai yanayosubiri meli. Siku tatu kwa juma, nikitoka kazini nilivuka kurudi kwetu Likoni, lakini badala ya kwenda nyumbani niliingia shule ya msingi iliyokuwa ikifunguliwa jioni kwa watu wazima. Tulikalia viti vya watoto, magoti yakitufika masikioni. Alikuwapo muuza nyama, madereva wawili wa tuktuk, na bibi mmoja ambaye mjukuu wake alisoma mchana katika darasa hilohilo, naye bibi akimwachia peremende ndani ya dawati.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa watu kutoka bara, hajafika hata miaka ishirini na mitano. Mwembamba, ukimwona na chaki hujui ipi ni ipi. Jioni ya kwanza tulikwama kwenye salamu. Kwetu pwani salamu si kitu cha kupita nacho mbio. Mdogo humwamkia mkubwa, na mwanafunzi humwamkia mwalimu. Sasa mwalimu akiwa ndiye mdogo, nani amwamkie nani? Alipotokea mlangoni akatwambia, "Shikamooni," na sisi tukawa tumeshasimama, "Shikamoo mwalimu!" Shikamoo zikagongana hapo kati, na wa kuitikia marahaba hayupo. Tukabaki tukitazamana kama kuku waliomwagiwa maji.

Yule bibi ndiye aliyetuamua. "Sikiza, mwanangu," alimwambia. "Pale mlangoni wewe ni mtoto wetu, utatuamkia. Ukishika chaki ni mwalimu wetu, tutakuamkia sisi, tena kwa kusimama. Na hatukai hadi useme tukae. Umeridhika?"

Akaridhika, na tangu hapo ikawa ndiyo sheria. Shikamoo mbili kila jioni, moja ya mlangoni na moja ya ubaoni. Muuza nyama, mtu wa kilo mia na ushei, alikuwa akisimama wima mikono nyuma, akingoja kuambiwa akae na msichana ambaye angeweza kumbeba kwenye kikapu. Nami vilevile. Na sikuona haya hata chembe, maana pale sote tulikuwa sawa.

Haya niliiona nyumbani.

Watoto wangu hawakujua kwamba nasoma. Niliwaambia nina shifti ya jioni. Ubaya ulianza miaka ya nyuma, kifungua mimba wangu alipoleta ripoti yenye alama mbovu za Sayansi. Nikapiga meza vikombe vikaruka. "Mimi babako," nikamwambia, "kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne sijawahi kuwa wa pili! Siku niliyomaliza, mwalimu mkuu alilia!" Ukweli ni kwamba niliacha shule kidato cha pili nikaenda kubeba mizigo, na sidhani kama mwalimu mkuu aliona pengo. Basi mtu ambaye shule nzima ililia alipoondoka atatokaje chumbani na daftari la jalada la bluu? Nililificha chini ya godoro, juu ya chaga. Mamake watoto alijua. Aliniambia mara ngapi, "Waambie wanao. Kusoma si wizi." Nami nikajibu inshallah, ile inshallah ya kufungia mazungumzo.

Mwaka huo mvua za vuli zilianza sawia na likizo fupi ya katikati ya muhula. Niliwaahidi watoto tutavuka tukatembee mjini. Walikuwa watatu: huyo kifungua mimba, binti wa miaka kumi na mitatu, mwenye macho ya kutazama kitu mpaka kikiri, wa kati mvulana wa miaka tisa, na kitinda mimba wetu wa miaka mitano, msichana asiyekuwa na breki ya mdomo. Mke wangu aliamka alfajiri akapika pilau. Sufuria ile ingelisha kikosi cha wanamaji na maadui zao. Akaifunga kwa leso, fundo juu, akanikabidhi.

"Mjini kuna mikahawa," nikasema.

"Na sisi tuna pilau," akasema. Tukaondoka sote watano.

Nilikuwa katika siku zangu nzuri. Kwenye feri niliwaonyesha meli ya makontena nikawaambia nahodha wake ananijua kwa jina. Tulipofika zile pembe kubwa za ndovu za barabarani tukapiga picha, na yule wa kati akauliza ndovu mwenyewe yuko wapi. "Aling'olewa pembe akaruka hadi Voi," nikamwambia. Tukala mabuyu midomo ikawa myekundu. Kitinda mimba akaniuliza mbele ya watu kama mimi ndiye niliyejenga mji huu. Nikamwambia si wote.

Ngome tuliifikia kama saa tano. Hapo sasa nikawa mkuu wa mkoa. Nilisimama juu ya ukuta, sufuria mkononi, nikawapa watoto historia. Wareno, Waomani, mizinga, kuzingirwa, njaa. Mengi yalikuwa ya kweli, kwa sababu wiki mbili kabla mwalimu wetu alitufunza mada hiyohiyo, akachora ngome ubaoni kwa chaki ya manjano. Watu wengine wawili watatu walisogea kunisikiliza. Sijui kama kuna pombe inayopanda kichwani kama hiyo.

"Baba, haya yote ulisoma wapi?" aliuliza wa kati.

"Shuleni, zamani," nikasema. "Wenzangu walikuwa wakisahau, mimi sisahau."

Kifungua mimba alinitazama, akageukia bahari. Sikulitilia maanani.

Mvua ikashuka. Si kunyesha, ni kama mtu aliyeinua bahari akaipindua. Watu wote waliokuwa juu ya kuta tulikimbilia chini, kwenye ule ujia wa langoni wenye paa na giza, tukajibanza bega kwa bega. Nilikuwa nafuta maji usoni nikasikia sauti ninayoijua kuliko ya mamangu, ya kusema *fungueni ukurasa*.

"Mama, ona! Huyu ndiye yule niliye—"

Nikageuka. Mwalimu wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nywele zimelowa, uso umejaa furaha mpaka unatoa mwanga. Amemshika mkono mama mmoja wa makamo, mfupi, aliyefunga kitambaa kichwani na kuvaa sweta kwenye joto lile, macho yakinipima. Nikafahamu papo hapo. Darasani alikuwa ametwambia kwamba mamake atakuja kumtembelea kutoka bara, arudi Jumatatu, na kwamba mama huyo hakuamini hata siku moja kuwa watu wazima wenye ndevu humsimamia mwanawe. "Huniambia nimepata kazi ya kulea watoto na naona haya kusema," alituambia, tukacheka sana. Sasa Mungu amemletea ushahidi, mwenye ndevu, mbele ya macho ya mamake.

Na nyuma yangu walikuwapo watoto watatu niliowaambia kwamba mwalimu mkuu alilia.

Lau ningenyamaza tu. Lakini ulimi wangu haujui kukaa. Kabla hajamaliza sentensi nilicheka kwa sauti ya mdhamini wa msikiti, nikawageukia wanangu.

"Mnamwona huyu dada? Huyu nilimfundisha mimi! Alikuwa mwanafunzi wangu."

Mwalimu alinitazama. Akawatazama watoto, mmoja baada ya mmoja. Akaitazama sufuria. Nilimwona akielewa, hivi hivi, kama mtu anayesoma swali la mtihani na kuona limetoka wapi. Mkono wa mamake akauachia.

Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Badala yake aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo mlangoni kila jioni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Na mimi, wallahi, nikaitikia. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo yaendeleaje?"

"Yanaendelea."

"Usiache kusoma."

"Siachi, mwalimu."

Mamake aliuliza kitu kwa lugha yao. Alimjibu kwa maneno mawili, bila kumtazama. Kisha wakasimama pale, kwa sababu mvua haikuwa imekatika na hakuna pa kwenda, nasi tukasimama pale, na sufuria ya pilau ikinukia katikati yetu bizari na vitunguu vya kukaanga. Kila mtu katika ujia ule aliisikia harufu ile. Mtu wa pwani akiwa na chakula, hata kiwe kipande cha muhogo, husema karibu. Adui huambiwa karibu. Mtu unayemdai talaka huambiwa karibu. Mimi sikusema, maana wangekula wangeongea, na wangeongea ningefichuka. Nikaihamishia sufuria upande wa pili, nikaifunika na mkono kama mtu aliyeiiba.

Mvua ilipopungua walitangulia kutoka. Mama alikuwa mbele, mwalimu nyuma yake, akiruka madimbwi.

Tulikwenda kulia pilau kwenye bustani ya ufukweni, karibu na kivuko. Mke wangu alipakua. Alinipa sahani yangu bila kuniangalia.

"Hata karibu hukusema," akasema polepole.

"Wangechelewa."

"Kwenda wapi?"

Pilau ya mke wangu huwafanya watu waache siasa, lakini siku ile kila tonge nililomeza lilipita kama kokoto. Watoto wawili wadogo walikimbilia bembea. Kifungua mimba hakwenda. Alikaa karibu yangu akichezea kijiko, akitazama feri inavyoegeshwa.

"Baba."

"Naam, mamangu."

"Yule ndiye anayekuandikia 'Jitahidi, unaweza' kwa kalamu ya kijani?"

Nimewahi kuangukiwa na gunia la chai mguuni. Afadhali lile.

"Umeona wapi?"

"Kwenye daftari. Mimi ndiye hutandika kitanda chenu Jumamosi." Akasita. "Uliandika saba mara nane ni hamsini na nne. Nikafuta kwa raba nikaandika hamsini na sita. Akakupa vema."

Niliikumbuka ile vema. Nilikuwa nimeionyesha kwa muuza nyama, nikamwambia hesabu zinanifuata zenyewe kama mbuzi.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

Aliinua mabega. "Wewe ulitaka nisijue. Nikawa sijui."

Kwetu husemwa kwamba mtoto mwema humsitiri mzazi wake. Nilikuwa nalisikia neno hilo tangu utotoni nikidhani linahusu wazee waliofikia kujikojolea. Sikujua kwamba mimi, na miguu yangu mizima na ndevu zangu, nimesitiriwa mwaka mzima na mtoto niliyempigia meza. Na mwalimu naye amenisitiri langoni kwa gharama ya uso wake mwenyewe. Na mke wangu. Nilikuwa nimezungukwa na wanawake walioshika leso kunizibia, nami katikati najigamba kwamba nimevaa kanzu.

"Mamake aliumia," binti akasema. "Yule bibi wa sweta. Mimi nilikuwa namtazama yeye."

"Anarudi bara Jumatatu."

"Basi kesho ni Jumapili," akasema, kama mtu anayemsaidia mzito wa hesabu.

Usiku ule sikulala, na hapo sitii chumvi. Asubuhi niliwakusanya watoto wote watatu ukumbini nikawaambia: baba hakumaliza shule, baba anasoma sasa, shifti ya jioni haipo. Wa kati aliuliza kama nina sare. Kitinda mimba aliuliza kama huchapwa. Mama yao alikuwa jikoni akiosha mchele, na nilisikia maji yakinyamaza wakati nikisema.

Alipika tena. Tukaenda wote watano, kwa miguu, sufuria mkononi mwangu. Mwalimu alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbao, si mbali na shule. Nilipajua kwa kuwa niliwahi kumbebea madaftari jioni ya mvua. Njiani nilitunga maneno mazuri, yenye methali mbili na sehemu ya kuchekesha. Nilipobisha mlango yote yalinitoka.

Alifungua mwenyewe. Aliponiona uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililonitisha. Akafungua mdomo kuniamkia, kwa sababu tulikuwa mlangoni, na mlangoni yeye ni mtoto wetu.

"La," nikasema. "Leo hapana."

Nikampa mke wangu sufuria. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama ninavyosimama mbele ya ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema. Akasogea kando tupite, wala hakusema tukae.

Chumba kilikuwa kidogo. Mamake alikuwa ameketi kitandani na sweta lake, mfuko wa safari umeshafungwa miguuni. Mke wangu na watoto walimwamkia, wakakaribishwa mkekani. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mama," nikamwambia, "jana nilisema uongo mbele yako. Huyu sijamfunza chochote. Yeye ndiye anayenifunza mimi. Kila kitu nilichokuwa nikikisema kule juu ya ukuta, kuhusu ngome, ni yeye aliyenifunza. Akiingia darasani tunasimama. Niliona haya mbele ya wanangu, nikamtupia yeye. Naomba mnisamehe."

Aliniangalia. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha kuchagua.

"Jana ulikuwa mwalimu. Leo wewe ni mwanafunzi. Kesho nikiamka utakuwa nani, daktari?"

Wa kati alicheka, dadake akamfinya.

"Unajua aliniambia nini, huyu?" mama akaendelea, akimwelekezea mwanawe kidevu. "Nilimwuliza, si ulisema ni mwanafunzi wako? Akasema, samahani mama, nimemfananisha na mtu mwingine. Nikanyamaza. Lakini nimelala hapa nikifikiri, huyu mtoto ananidanganya. Hakuna wazee wanaomsimamia. Anafanya kazi gani huku mbali ambayo hawezi kuniambia mimi mamake?"

Kuna aibu ya kuonekana na watu, na hiyo nilikuwa nimeshaizoea kidogo tangu jana. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimemfanya mama wa watu alale akimshuku mwanawe, na mwanawe alale kando yake akijua kwamba anashukiwa, na wote wawili kwa ajili ya ripoti ya Sayansi.

Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, mikono amefungamanisha. Macho yake yalikuwa na maji lakini hayakuanguka. Mke wangu alifungua fundo la leso, akatoa kifuniko, mvuke ukajaa chumba.

"Karibuni," akasema mke wangu. "Karibu, mama. Tumechelewa siku moja."

Walianza kupakua. Watoto walisogea wakatoa nafasi mkekani. Kitinda mimba, tonge mkononi, akaniinulia uso.

"Baba, mbona hukai?"

"Sijaambiwa," nikasema.

Yule mama aliacha sahani yake. Akanitazama kuanzia viatu hadi ndevu, kisha akamgeukia bintiye.

"Kwani hawakai mpaka wewe useme?"

"Hawakai," mwalimu akasema.

"Wote? Hata wakubwa kama huyu?"

"Hata wakubwa kuliko huyu."

Mama akanitazama tena, kwa kituo, kama mtu aliyetoka safari ya mbali na hatimaye anaona alichokijia. Akarudisha sahani magotini, akachukua tonge.

"Basi mwache asimame kidogo," akasema.